Vada pav ya Ngara: chai iko sawa, mkate una sukari, na nusu hawaijui

Niliingia pale Ijumaa moja saa kumi na moja jioni, nikasimama kwa kaunta nikamwambia kijana anipe vada pav moja, ule mkate wa Wahindi wenye kiazi cha kukaanga ndani, na chai nusu. Akaniangalia. Nusu ya nini? Nusu ya chai. Akasema hapa tunauza kikombe, nikamwambia hiyo naelewa lakini mimi nataka nusu, akaenda nyuma kuuliza, akakaa huko kidogo, akarudi akaniambia ukinywa nusu utalipa bei ya kizima. Sawa, nikalipa ya kizima. Kwa hivyo mnaosoma haya jueni yameandikwa na mtu aliyelipia chai ambayo nusu yake ilibaki jikoni, kama kuna uchungu mahali mtanisamehe.

Duka lenyewe ni kijiduka tu. Ukitoka mzunguko wa Globe hapa Nairobi unapanda na Ngara, unapita wale wa kava za simu na wale wa viatu vya mtumba, kuna mlango mwembamba wa bluu uko kati ya duka la vitambaa na mtu wa kutengeneza cherehani, ndani meza tano. Jina silitaji, nina malalamiko matatu na bado nataka kuendelea kula pale.

Sasa mbona nusu. Nilikaa Mumbai miaka mitatu nikisoma, chumba changu kilikuwa Andheri, ule upande wa mashariki, na tangu nirudi watu huwa wananiuliza maswali mawili tu, kama niliona Taj Mahal na kama nilikutana na mastaa wa sinema. Taj Mahal iko Agra, jamani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Mumbai, ni kama mtu wa Kisumu aulizwe kama huwa anapita Fort Jesus akienda kazini. Na mastaa sikukutana nao. Kitu nilichokipenda kule hakina picha ya maana kwa simu yangu, ni chai ya nusu glasi unainywa umesimama kando ya barabara dakika tatu halafu unaenda. Wanaiita cutting. Mnaingia wawili, chai moja inakatwa, kila mtu anapata nusu, lakini hata ukiwa peke yako unaitisha hiyohiyo nusu kwa sababu ndiyo kipimo. Inachemshwa na maziwa na tangawizi na iliki na sukari isiyo na aibu mpaka inakuwa rangi ya matofali, halafu inamiminwa kwa kiglasi kidogo kinene ambacho unakishika juu kwa ncha za vidole maana chini ni moto. Ikiisha bado unaitamani, unarudi tena baada ya saa moja. Mimi nilikuwa nakunywa sita kwa siku na sikuwahi kuhisi nimekunywa chai nyingi.

Halafu ukifikiria vizuri lile jiji lote linaenda kwa nusu. Hata saa zao zina nusu, hapa ikigonga saa sita mchana kule ni saa nane na nusu, miezi miwili ya kwanza nilikuwa namwamsha mama yangu usiku wa manane. Rupia moja nayo wakati huo ilikuwa kama shilingi moja na nusu ya kwetu. Na kiti cha treni, ngoja niwaambie kuhusu kiti.

Zile treni za mjini wanaziita local, watu wanaopanda kwa siku moja ni zaidi ya milioni saba, na mimi nilikuwa mmoja wao karibu kila asubuhi, Andheri mpaka Churchgate. Benchi limetengenezwa la watu watatu. Watatu wanakaa. Halafu anakuja wa nne, haongei, anafanya tu hivi na mkono, kama mtu anayefagia hewa, na wale watatu wanasogea, na wa nne anakaa na tako moja, lile lingine liko hewani kwa njia ya kupita. Hicho kiti kina jina kabisa, kiti cha nne, na ni haki, si hisani, ukikataa kusogea gari zima litakuangalia. Siku yangu ya kwanza nilisimama kama mlingoti, sikujua, mzee mmoja aliyeshika mkoba wa ngozi akanivuta shati akanikalisha kwa hiyo nusu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akaniuliza mnaongea nini huko, nikaanza kumhesabia maneno: chai, chapati, gari, pesa, rangi, duka, laki. Kila neno anatingisha kichwa, anamwambia mwenzake wa dirishani, "gaadi, gari! rang, rangi!" mpaka benchi lote likawa linashiriki. Tulipofika Dadar aliniuliza nashuka wapi, nikafikiri ni upole, kumbe yule aliyesimama mbele yangu ndiye aliyemtuma aulize, anataka kujua kama hiyo nusu itakuwa wazi. Matatu ya hapa pia tunakalishana, lakini hapa ni kondakta anakusukumia mtu huku unalalamika na nauli ni ileile. Kule ni abiria wenyewe.

Haya, turudi Ngara kabla hamjachoka.

Vada. Mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kula, nitakuambia hivi: chukua viazi karai ya mtaani, lakini badala ya kiazi kuwa kipande, kiwe kimepondwa na manjano, haradali, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, dania na yale majani ya mchuzi ya Wahindi, kikazungushwa kama mpira, kikatumbukizwa kwa uji wa unga wa dengu kikakaangwa. Hiyo ndiyo vada. Unaiweka ndani ya mkate na chatini na unakula ukitembea, kazi yake kule ni ileile ya smokie pasua hapa, chakula cha mtu ambaye yuko katikati ya kwenda mahali. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi ni Ashok Vaidya, alikuwa na kibanda nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966, na mimi nikiangalia ile stesheni naelewa kabisa, mtu anabadilisha treni, ana dakika nne na njaa, utampa nini? Na kule wanaita batata vada, batata ni kiazi, watu wa Unguja nao wanasema mbatata, sote tuliokota kwa Mreno. Hata hiyo pav ni mkate kwa Kireno.

Ya hapa ndani iko sawa. Nasema iko sawa na mimi si mtu wa kusifu haraka. Ganda jembamba, si lile koti la unga nene ambalo unatafuna mpaka unasahau kuna kiazi. Ndani haradali inapasuka chini ya meno, majani yako mazima, pilipili inakuja nyuma kidogo, haikuvamii mlangoni. Nilidhani mpishi ameletwa kutoka huko, nikachungulia jikoni, nikakuta ni jamaa kutoka Kitui, anaipika miaka sita sasa, hajawahi kupanda ndege. Nikamuuliza umejuaje kiasi cha haradali, akaniambia, "Bosi wangu, mimi nasikiliza. Ikianza kulia kwa mafuta nahesabu, ikinyamaza nimechelewa." Halafu akanifukuza kwa sababu nilikuwa nimesimama kwa njia ya mafuta moto.

Lalamiko la kwanza ni mkate. Pav ya Mumbai haina utamu, ni mkate wa tanuri wenye chumvi, inauzwa imeungana kama vitofali laini, unang'oa moja. Hawa wanatumia skonzi. Ndiyo, skonzi, zile za dukani zinazoungana. Na lazima niseme nilipoziona nilicheka kwa furaha kwa sababu umbo ni lilelile kabisa, miaka yote nimekula skonzi na chai nyumbani na sikuwahi kuwaza kwamba zina ndugu upande ule wa bahari. Lakini skonzi zina sukari jamani. Ukiuma unapata utamu kwanza, halafu kiazi, halafu saumu, ni kama mtu amekukaribisha nyumbani kwa kukupa keki kabla ya ugali. Wanajaribu kurekebisha kwa kuipaka siagi na kuichoma kwa chuma, inasaidia, lakini bado. Kuna mabekari humu mjini yanatengeneza mkate bila sukari, mtu atafute.

Kinachookoa ni ile chatini kavu nyekundu, ya saumu na nazi iliyokauka na pilipili, imesagwa ikawa kama unga mkwaruzo. Wengi hapa Nairobi ukiitisha chatini wanakumiminia ukwaju mpaka mkate unakuwa uji. Hawa wanaweka tatu, ya kijani, ya ukwaju tone moja, na hii kavu kwa mkono wa ukarimu, nikajua kuna mtu hapo ndani anajua anachofanya.

Lalamiko la pili ni chura. Tulieni. Kule Mumbai yale matone ya unga yanayodondoka kwa mafuta na kukaangika yenyewe, yale makombo makavu, wanayaita chura, na mtu anaweza kuitisha achanganyiwe kwa mkate wake. Mara ya kwanza nimesikia mtu mbele yangu kwa foleni anaitisha chura pav nikarudisha pesa mfukoni. Nilikaa wiki nzima nikikwepa kile kibanda, mpaka mwenzangu wa darasani akanieleza, akacheka mpaka akakaa chini. Sasa hapa Ngara yule jamaa wa Kitui anayachota na kijiko cha matundu na kuyatupa! Nimeona kwa macho yangu, kikapu kizima. Nikamwambia hiyo unayotupa watu wanalipia, akaniuliza inaitwa nini, nikamwambia. Aliniangalia kama yule kijana wa kaunta alivyoniangalia kwa nusu. Sidhani alinielewa na sidhani ataandika "mkate wa chura 100" kwa ubao, na kwa kweli nikiwa mwenye duka nisingeandika pia.

Bei. Vada pav moja ni 150, chai 80. Kule nilikuwa nalipa rupia kumi na tano, hiyo ni kama ishirini na kitu za kwetu, kwa hivyo moyo wangu uliuma, lakini najua kodi ya Ngara si kodi ya kibanda cha ukutani, na mafuta ya kupikia mnajua yamefika wapi, sitagombana. Moja haishibishi mwanaume. Mbili na chai ni 380, hapo unaweza kupata pilau na kachumbari mahali pengine, kwa hivyo ukienda na njaa ya mchana usinilaumu. Hii ni chakula cha saa kumi na moja.

Mara ya pili nilienda na mvua. Mnakumbuka ile mvua ya Jumanne iliyofanya matatu za Ngara kupandisha nauli mara mbili kabla hata ardhi haijalowa. Nilikimbilia pale kujificha tu, na nikaona kwa ubao bajia za vitunguu, na hapo niliwasamehe skonzi. Kwa sababu Mumbai mvua ikianza, na inaanza mwezi wa sita na hailegei mpaka wa tisa, watu wote wanawaza kitu kimoja, bajia ya vitunguu na chai. Mvua ya kule si mchezo, tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha milimita 944 kwa siku moja, watu waliniambia walivyotembea usiku kucha maji yakiwa kifuani. Mimi niliona tu zile za kawaida, maji kwa magoti pale njia ya chini ya reli Andheri, viatu mkononi. Lakini yule mtu wa bajia yupo, mwavuli umefungwa kwa mkokoteni na kamba, karai inachemka, na watu wameingia chini ya ule mwavuli mmoja kumi na wawili. Na mtu wa mahindi naye pembeni, makaa, hindi linachomwa, limau linachovywa kwa chumvi na pilipili linasuguliwa juu. Hiyo ya mahindi ndiyo ilikuwa inaniliza, kwa sababu ni hii yetu hasa, hata ule mlio wa limau kwa punje za moto ni uleule, mara ya kwanza nilisimama kwa mvua nikala matatu nikiwaza stendi ya nyumbani.

Hizi bajia za Ngara zilikuja zimeungana ovyo, kitunguu kimejikunja nje kama nywele, kingo zimeungua kidogo, vile zinatakiwa. Sahani ni 120. Nilikula mbele ya dirisha nikiangalia watu wakiruka madimbwi. Sina cha kuongeza hapo.

Lalamiko la tatu ni viti. Si kwamba ni vibaya, ni kwamba vipo na lazima uvitumie. Ukisimama kwa kaunta yule kijana anakuambia karibu kiti, ukikataa anakuambia tena, ukikataa tena anakuja na menyu kana kwamba shida yako ni kusoma. Vada pav ya kukaa chini na sahani na kitambaa cha karatasi na uma, uma jamani, ni kama kumletea mtu mutura kwa kisu cha keki. Starehe yote ya hiki kitu ni kutokaa. Mumbai unaweza kukaa jioni nzima bila mtu kukuuzia kitu, lakini hiyo ni pale Marine Drive kwa ule ukuta wa baharini, taa zinawaka zimejipinda kufuata ghuba, wenyewe wanaita mkufu wa malkia, na mtu wa chai anapita na baiskeli na birika na hakusumbui mpaka umwite. Huko nilisomea mitihani, nikaachwa na msichana, nikapokea simu ya kwamba shangazi ameaga, yote kwa ukuta mmoja na sikulipa hata senti. Hapa kwetu hakuna bahari, sawa, lakini mtu anaweza angalau kuachwa asimame kwa kaunta.

Mara ya tatu, hii juzi, kwa kaunta alikuwa mama mwenye duka mwenyewe. Nikaitisha vada pav mbili, na nusu. Hakuuliza nusu ya nini, aliuliza, "Wewe ndiye yule wa nusu?" Kumbe nimeshajulikana. Kiswahili chake ni cha Ngara kabisa, amezaliwa hapohapo nyuma, babu yake ndiye alitoka Gujarat, na akanieleza wazi kwamba wao si watu wa Bombay, yaani hiyo Mumbai kwa jina la zamani, nyumbani kwao chakula cha jioni ya mvua kilikuwa mogo, yaani muhogo wetu, wa kukaanga na pilipili na limau. Vada pav aliiweka kwa ubao kwa sababu wanafunzi wanaiona kwa simu wanaiulizia. Huko Mumbai amefika mara moja, harusini, siku nne, na hakupanda treni. Nikamweleza ya kiti cha nne. Akasema, "Kijana, mimi na mgongo huu nikae na nusu?"

Nikamwambia ya chura pia. Hiyo alielewa mara moja, akaita jikoni, wakaongea na yule jamaa wa Kitui, nikasikia kicheko, sijui kitatokea nini.

Halafu akainama chini ya kaunta akatoa kiglasi, kimojawapo cha vile vidogo vya maua mekundu ambavyo watu wanatoa tu wakati wa wageni, akaniwekea chai mpaka juu. Chai yao sijaisema vizuri: tangawizi imepondwa, si ya unga, iliki ipo, na wanaiacha ichemke mpaka inapanda mara tatu. Ni chai ya kwanza hapa mjini iliyonifanya nishike glasi kwa ncha za vidole. Nilikunywa nimesimama, hakuna aliyeniambia karibu kiti. Alinitoza 40.

Nyota nne kwa tano, ile moja wataipata siku wataacha skonzi. Jumatatu wamefunga. Mafuta mapya yanaingia kwa karai kama saa kumi, nenda baada ya hapo. Na zile pilipili ndefu za kukaangwa na chumvi, za kuuma kando ya mkate, zipo lakini zinawekwa chini ya kitambaa cheupe karibu na mashine ya M-Pesa na hawakupi mpaka uulize.